MAPANGA YA UPEPO NA MASHINE YA UMEME: PATANISHA KABLA YA KUCHONGA



Wengi wetu tunakikumbuka kiza cha Unguja mwaka 2008, umeme utokao Bara ulipokatika karibu mwezi mzima, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mtu aliyeonja kiza kama kile huvutika kuchonga mapanga ya mbao, akayafunga kwenye altaneta ya gari na kuisimamisha juu ya mlingoti. Kusi ikivuma, mapanga huzunguka vizuri, lakini betri haipati kitu. Kosa si la upepo wala la seremala. Vitu viwili vimeozwa bila ya kulingana.

Jambo la kwanza ni mwendo. Mapanga matatu membamba, yaliyochongwa sawasawa, ncha zake huenda kiasi cha mara 6 ya mwendo wa upepo. Tuseme duara lake ni mita 2.4 toka ncha hadi ncha. Basi mzingo wake ni kama mita 7½. Upepo wa kutikisa majani, mita 3 kwa sekunde, utaipeleka ncha mita 18 kwa sekunde. Gawanya kwa 7½, utapata mizunguko 2.4 kwa sekunde, yaani 144 kwa dakika.

Sasa itazame altaneta ya gari. Hiyo imetengenezwa kuendeshwa na injini, nayo hutaka mizunguko 1,000 au zaidi kwa dakika ndipo ianze kutia chaji. Kwa mapanga yetu yale, hapana budi upepo uwe mita 21 kwa sekunde, na hiyo ni dhoruba. Mkanda na puli huongeza mizunguko, lakini hula nguvu.

Ndiyo maana Hugh Piggott, fundi wa Scoraig, rasi ya Scotland isiyofikiwa ila kwa mashua au kwa miguu, alifundisha watu kujitengenezea mashine ya mwendo wa pole: sahani mbili za chuma zenye sumaku, na baina yake koili za waya wa shaba, juu ya habu ya gurudumu la gari.

KIPIMO CHA MKONO

Kabla ya kukata mbao, izungushe mashine kwa mkono mara moja kila sekunde, ukapime volti zinazotoka baada ya kupita kwenye rektifaya. Zikiwa 5, basi kwa mizunguko 2.4 zitakuwa 12, na betri ya volti 12 itaanza kupokea kwa upepo ule wa mita 3. Hapo vimepatana. Kwa betri ya volti 24, mashine hiyo hiyo itataka mwendo maradufu.

Jambo la pili ni nguvu. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane. Kwa mita 5, mapanga yetu yaweza kutoa kama wati 100. Kwa mita 10, kama wati 800. Mashine ikiwa nzito kuliko mapanga, huyakaba yasishike kasi. Dawa yake ni kuongeza kidogo nafasi baina ya sumaku na koili. Ikiwa dhaifu, mapanga hukimbia ovyo, nayo yaweza kupasuka na kumwumiza mtu. Kwa hiyo usiitenge mashine na betri upepo ukiwa mkali, na uweke mkia wa kuigeuza ubavu kukizidi.

Mwisho, mlingoti. Mikarafuu hukinga upepo. Mapanga yakae juu ya vilele kwa mita 9 au zaidi, ama yawekwe mahali pa wazi karibu na pwani. Shamba lililo bondeni, katikati ya mikarafuu mirefu, halifai kwa kazi hii. Mwenye shamba hilo fedha zake azitumie kwa sahani za umeme wa jua.