Kwa baiskeli hadi Loiyangalani: Hesabu maji kwanza

Vijana wa mjini wanaopanga kuendesha baiskeli kutoka Maralal hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, huuliza kwanza: ni kilomita ngapi? Ni zaidi ya 200 za changarawe na mawe, na aliyezoea baiskeli atazimaliza kwa siku nne au tano. Lakini kinachopanga siku hizo ni maji.

Jaza mitungi Maralal, halafu Baragoi, halafu South Horr, chini ya Mlima Nyiru, ambako kuna miti na kivuli. Kuanzia hapo ni jua na mawe meusi ya volkano. Mimi singeondoka South Horr na chini ya lita 10. Hizo ni kilo 10, nawe utajuta kubeba ile sufuria ya pili. Wala usitegemee ziwa, maji yake yana magadi.

Kuna upepo pia. Mitambo 365 ya umeme wa upepo haikujengwa huko bure! Huvuma kutoka kusini mashariki. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakupiga kifuani. Afadhali urudi kwa lori, baiskeli ikiwa juu ya mizigo. Beba tyubu na viraka vya kutosha, kwani miiba haina huruma.

La mwisho ni usalama. Mwaka 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa karibu na Baragoi. Katika kila mji waulize polisi na wenyeji kuhusu njia ya mbele. Wakikuambia usubiri, subiri, hata kama shule zinafunguliwa Jumatatu.