Gorogoro ya Mchanga
Mchezo katika elimu ya watoto wadogo: Makala ya Pili

Katika makala iliyotangulia nilieleza jinsi mtoto anavyovizoeza viungo vyake kwa kukimbia, kuruka na kudaka mpira wa matambara. Leo, kama nilivyoahidi, nataka tuingie darasani, tuketi juu ya vile vibao vifupi vilivyochongewa watu wa miaka minne, tuyatazame kwa makini mambo ambayo mpita njia, akichungulia dirishani, huyaita upuuzi.

Darasa nitakalolisimulia li karibu na soko la Sondu, kwenye mto wa jina hilohilo utokao misitu ya Mau ukaenda kumwagikia Ziwa Viktoria, mahali zinapopakana kaunti za Kisumu, Kericho na Homa Bay. Siku ya soko Wajaluo huleta samaki na vyungu, Wakipsigis maziwa na mananasi, Wakisii ndizi, na lugha huchanganyika hata bei ikawa aghalabu hutajwa kwa vidole. Watoto wa chekechea hii ni watoto wa soko hilo. Na mtu adhaniye kwamba humfikia mwalimu na akili tupu kama daftari jipya, huyo hajapata kukaa asubuhi nzima chini ya meza ya mama auzaye omena.

Katika pembe moja mwalimu alikuwa ametengeneza duka. Bidhaa zake zilikuwa makopo matupu ya mafuta ya kupikia, fedha yake vifuniko vya chupa za soda, na mahindi yake beseni ya mchanga uliochekechwa. Tena palikuwa na gorogoro mbili, yale makopo ya kilo mbili ambayo huku kwetu bara yamekuwa ndiyo kibaba na ndiyo pishi. Muuzaji alikuwa binti wa miaka mitano, amejifunga kiunoni kipande cha leso kama afanyavyo mama yake. Akaja mnunuzi, mvulana wa makamo yake, akahesabu vifuniko vinne, akapimiwa gorogoro iliyojaa hata mdomoni, akaimimina katika gorogoro aliyokuja nayo. Mchanga haukujaa. Akaurudisha katika ile ya kwanza, ukajaa. Akaumimina tena, ukapungua. Mara ya tatu alisita, uso umekunjamana, kisha akamwaga mchanga wote, akatia mkono mpaka kitakoni mwa gorogoro ya dukani, akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri na kushindiliwa pale chini.

Alimshitaki kwa Kijaluo kwamba amemwibia. Binti, ambaye kwao husemwa Kikipsigis, akamjibu kwa Kiswahili, bila haya wala ghadhabu: "Hata sokoni ni hivyo."

Na kweli sokoni ni hivyo. Kila mnunuzi wa nafaka anazijua gorogoro zilizogongwa kitako kikaingia ndani, kopo likabaki na sura ya kilo mbili pasipo kilo mbili zenyewe. Na kwa kuwa vidole vya mtoto haviwezi kubonyeza bati, yule binti alitafuta hila yake mwenyewe, akaipata. Sisemi hayo ili nimsifu kwa kupunja, madhali Kurani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo; nasema tu kwamba kuiona dosari ya kipimo, kuifahamu sababu yake, kisha kuiunda upya kwa kitu kingine, si kazi ya akili iliyolala.

Mvulana naye alifanya jambo kubwa zaidi. Jean Piaget, mwanachuoni wa Uswisi aliyeishi kutoka 1896 hata 1980, alionyesha kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka kama saba, akiyaona maji yakihamishwa kutoka chombo kipana hadi chombo chembamba, kwa kawaida atasema maji yamezidi, kwa kuwa yamepanda juu, jicho humshinda. Hapa vyombo vilikuwa vya sura moja, jicho likashuhudia kwamba ni sawa, mkono ukakanusha, na mtoto, badala ya kuliamini jicho au kuangua kilio, akaurudia mtihani wake mara tatu. Wataalamu wa maabara hufanya hivyohivyo.

Wakati wote huo mwalimu alisimama kimya, na kimya hicho ndicho ninachotaka msomaji wangu akizingatie, maana ni kigumu kuliko kusema. Angaliweza kutoa hotuba juu ya uaminifu, mambo yakaisha. Yeye aliuliza swali moja tu: "Sasa tutajuaje gorogoro iliyo sawa?" Watoto wakaleta kikombe cha uji. Wakapima, wakahesabu kwa sauti, kila mmoja kwa lugha ya kwao, wakakutana kwenye Kiswahili walipotatizana: gorogoro moja ilichukua vikombe vinane, na ile yenye kitambaa vikombe sita. Nilitarajia kitambaa kitupwe. La! Walikirudisha mahali pake, wakakata shauri kwamba gorogoro hiyo iuzwe vifuniko vitatu. Vinane kwa vinne, sita kwa vitatu: huenda ilikuwa bahati tu, lakini wako watu wazima ambao insafu ya namna hiyo huwashinda.

Fikra hii, kwamba mchezo una nafasi katika malezi ya mtoto, si ngeni kama wadhaniavyo wengine. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mwema, kwani kumzuia asicheze na kumchosha kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuuzima wepesi wa akili. Kwa hivyo yeye aliuona mchezo kuwa ni pumziko baada ya elimu. Aliyeuingiza katika elimu yenyewe ni Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Bad Blankenburg mwaka 1837, akawapa mipira ya sufu, kisha tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Na huko pwani yetu, katika miaka ya 1980, ulianzishwa Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mradi wa chekechea za madrasa, ambapo dini na mchezo viliwekwa chini ya paa moja, na vifaa vikawa vile vinavyookotwa mtaani. Baadaye ukavuka mpaka Unguja na Uganda.

Kenya ya leo imeuafiki mwenendo huo. Katiba ya 2010 iliiweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti, na mtaala wa umilisi, ulioenea nchini kuanzia 2019, hauyaiti mafundisho ya watoto hawa masomo bali shughuli. Neno hilo nalipenda. Nisichokipenda ni ratiba, maana kipindi kimekadiriwa dakika 30, na kesi ya gorogoro ilichukua karibu saa nzima. Kama mwalimu angaliitii saa, watoto wangaliondoka na ugomvi bila ya hukumu.

Walakini adui wa duka lile si ratiba. Ni sisi wazazi, tunaotaka jioni kuona daftari lililojaa a, e, i, o, u, lenye alama nyekundu, na tusipoliona tunasema mtoto hakufundishwa kitu. Siku hiyohiyo nyanya wa yule mnunuzi, naye muuza maharagwe, alifika kumchukua mjukuu, akasimama mlangoni akiutazama mchanga uliotapakaa.

"Mwalimu," akasema, "kucheza hata nyumbani anacheza, tena bure. Hapa mimi ninalipia nini?"

"Dani, karibu kwanza uketi," mwalimu akamjibu. "Watoto, dani amekuja dukani. Muuzieni."

Yule bibi akacheka, akaketi juu ya kibao, magoti yakimfika kifuani. Binti wa duka akampimia gorogoro, akaisawazisha kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili. Bibi hakuutazama mchanga. Aliumwaga wote katika beseni, akatia mkono mpaka chini, akapapasa, na watoto wakaruka kwa kelele. Akakitoa kitambaa, akakinyosha juu ya paja, akauliza bei.

"Hiyo ni vifuniko vitatu," mjukuu wake akamwambia. "Vinne ni ile ingine."

Bibi akaomba aletewe zote mbili, na kikombe.

(Itaendelea)