Ramani ya Kompyuta na Njia za Watumwa

Wengi wetu twajua kwamba zamani watumwa walitolewa pande hizi za Ziwa Nyasa wakapelekwa Kilwa Kivinje. Lakini mtu akiulizwa, "Walipita wapi?" hunyamaza. Nataka kueleza jinsi kompyuta iwezavyo kutusaidia kulijibu swali hilo, na mahali isipoweza.

Kwanza, hutafutwa maandishi ya wasafiri. Katika mwaka wa 1866 Dk. David Livingstone alifuata mto Ruvuma kwenda bara, akiandika aliyoyaona pamoja na tarehe. Pili, ramani ya zamani hupigwa picha na kutiwa katika programu kama QGIS, ambayo haina malipo. Huchaguliwa mahali pasipohama, kama rasi au kilele cha mlima, pakalinganishwa na ramani ya leo. Tatu, kila habari hutiwa alama yake, pamoja na tarehe na jina la aliyeiandika.

Hapo kompyuta hupima upesi. Kutoka Mbamba Bay hadi Kilwa Kivinje ni karibu kilometa 580 kwa mstari ulionyooka. Tukikisia mwendo wa kilometa 15 kwa siku, ni siku 39, wala hatujahesabu mizunguko ya njia.

Lakini tujihadhari. Tarehe 19 Juni, 1866, Livingstone alimkuta mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Wenyeji walimweleza kwamba alishindwa kuandamana na wenzake. Tarehe imeandikwa, jina lake halikuandikwa, wala mahali pa mti ule hapakutajwa kwa kipimo. Nikimtilia nukta moja, ramani yangu itadai kujua nisichokijua. Afadhali nichore duara, lizunguke mahali pote panapowezekana. Vivyo hivyo, njia ya kukisiwa huchorwa kwa vitone, isifanane na ile yenye ushahidi.

Kompyuta huchora mstari wowote tunaoiagiza. Haiulizi kama ni wa kweli. Kuuliza ni kazi yetu. Basi wenzangu, likizo ikifika tuwaulize wazee wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay majina ya vivuko na njia za kale, tuyaandike kama walivyoyasema. Ila tusiandike kamwe kwamba ukoo fulani ni wa watumwa. Ramani hii ni ya kuwakumbuka waliopotea, si ya kuwaaibisha walio hai.