Uzi Uliomo Katika Sweta Kuukuu

Katika sanaa za nyuzi, iwe kufuma kwa sindano mbili, iwe kwa kroshia, ama kusuka na kudarizi, kinachomvunja moyo mwanafunzi aghalabu si ugumu wa kazi, bali ni hofu ya kuharibu uzi alioununua kwa fedha nyingi. Na mkono wenye hofu huchelewa kujifunza, kwa kuwa huliona kila kosa kuwa ni hasara, ilhali kosa la kufuma hufumuliwa na uzi ukatumika tena. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba anayeanza ahitaji uzi mwingi kabla ya kuhitaji uzi mzuri, na uzi mwingi wa bei rahisi umejaa tele katika masoko ya mitumba, Gikomba mjini Nairobi na Karume pale Ilala, Dar es Salaam, ukiwa umekwisha kufumwa masweta.

Kwa anayependelea dukani, neno moja lamtosha: bei ya donge si kipimo. Madonge mawili ya gramu 100 yaweza kuuzwa kwa bei sawa, na lebo ya moja ikasema mita 200, ya pili mita 400. Basi mita na zilinganishwe na bei. Kadhalika itazamwe namba ya mkupuo wa rangi, kwa maana madonge ya rangi moja yaliyotiwa rangi kwa mikupuo mbalimbali hayafanani sawasawa, na tofauti isiyoonekana dukani hudhihiri kama mstari katikati ya kifua.

Tukirudi kwenye mitumba, sweta zito la mwanamume laweza kufika gramu 500, nalo aghalabu huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya uzi mpya wa uzani huo. Lakini si kila sweta hufumuka, na hapa ndipo jicho la mnunuzi linapotakiwa. Ligeuze, ndani iwe nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili nzima, laini, zilizounganishwa kwa mshono wa mnyororo, fahamu kuwa lilifumwa kipande kwa kipande: ukikata kitanzi kimoja cha mshono ule na kuvuta upande unaokubali, ubavu wote hufunguka, na kila kipande kikakupa uzi mrefu usiokatika. Ukiona kingo zilizokatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi nyembamba za ovaloki, liache, hata kama rangi yake imekuteka moyo, kwani kila mstari wa ufumaji umekatwa mwishoni, nawe utaambulia vipande vifupi vifupi. Sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto mpaka likasinyaa halifumuki pia, maana magamba madogo yaliyo juu ya nywele za kondoo yameshikana. Hilo hukatwa kama kitambaa, likafaa kushonwa viatu vya nyumbani au foronya nzito.

Lebo ikiwa imetoka nawe hujui uzi ni wa nini, kata kipande kifupi, ushike kwa koleo juu ya bakuli la maji, uuwashe. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na jivu lake husagika vidoleni likishapoa. Akriliki, iliyotokana na mafuta yachimbwayo ardhini, huyeyuka ikaacha tone jeusi gumu. Pamba huungua kama karatasi.

Kufumua kuanze juu, shingoni na mabegani, ambako ndiko ufumaji ulikomalizikia, kwa sababu ukianza chini kwenye pindo uzi hujinasa kila hatua. Uzi utokao huwa umejikunja viwimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge fungu hilo mahali panne kwa vipande vya uzi wa pamba, uloweke katika maji vuguvugu yenye sabuni kidogo bila ya kufikicha, kisha usuuze na kuutundika kivulini. Ukikauka, sufu hunyooka vizuri. Akriliki hubaki na viwimbi vyake kiasi, wala si aibu kufumia hivyo hivyo.

Mwenye uzi wa namna hii yu huru kujaribu. Na aanze kwa kroshia, yenye chombo kimoja tu, na kwa uzi wa rangi nyeupe au nyepesi, maana vitanzi vya uzi mweusi humchosha macho hata fundi. Kisha na ajaribu kusuka. Wanawake wa Ukambani, Kenya, waliosuka vikapu viitwavyo viondo kwa katani na kwa nyuzi za gome la mbuyu, wamekwisha kuchanganya humo nyuzi za sufu na akriliki kwa ajili ya rangi, na mbinu yao hujifunzika kwa kutazama: nyuzi mbili za mshindio, yaani zipitishwazo kukingama, hupishana, moja mbele na moja nyuma ya kila uzi wa mtande, yaani uliotangulia kutandwa. Asiye na kitanda cha mfumi achukue kipande cha boksi, achanje meno juu na chini, atande humo. Ila mtande huo usiwe wa uzi uliotoka katika sweta, kwa kuwa umekwisha kuchakaa na hukatika ukikazwa; uzi mgumu wa pamba, au ule wa kushonea nyavu, ndio uvumiliao kuvutwa, na uzi wa sweta uuache kwa mshindio.