Afya Zetu (Sehemu ya Pili): Walioliacha Jembe

Mkulima wa Kihanga ukimshauri afanye mazoezi, atakucheka. Kupalilia migomba, kubeba mkungu begani, kuchuma kahawa na kupanda kilima na dumu la maji kichwani, hayo kama si mazoezi ni nini? Ana haki ya kucheka. Moyo na misuli havibagui jasho la shamba na jasho la uwanja wa mpira. Juma lililopita tulizungumzia chakula. Leo nawageukia walioliacha jembe: mwalimu, mwenye duka, karani wa ofisini Kayanga, na kijana wa bodaboda ambaye tangu alfajiri hadi usiku yuko juu ya kiti cha pikipiki.

Wapo wanaodhani madhara ya kukaa yameletwa na pikipiki na televisheni. Karagwe yetu ina ushahidi wa zamani zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme wa hapa, Mukama Rumanyika. Katika kitabu alichokichapisha 1863 alieleza habari za wanawake wa jamaa ya mfalme waliokuwa wakinyweshwa maziwa mfululizo, maana unene ulihesabiwa kuwa ndio uzuri. Mmoja wao hakuweza hata kusimama. Speke alimpima mikono, kifua na mapaja. Kwa mgeni aliyekirimiwa na mfalme, huo ulikuwa utovu wa adabu, ingawa ndio uliotuachia maandishi. Wanawake wale walikalishwa na desturi; sisi tumejikalisha wenyewe.

Sayansi ilichelewa kulifikia jambo hili. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alitangaza matokeo ya uchunguzi wake kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva na konda walipanda basi lilelile, lakini dereva alikaa kutwa nzima huku konda akipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makonda walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Vijana wetu wa bodaboda na waisikie habari hiyo.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake imedhoofika. Moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi kwa kila pigo, kwa hiyo ukiwa umepumzika hupiga taratibu. Mishipa hulainika, shinikizo la damu hushuka. Ila faida ile ya sukari haidumu. Baada ya siku mbili hivi huanza kupotea, na ndiyo sababu mazoezi hayawekwi akiba.

Na akili je? Huku kwetu mwenye mawazo mazito mara nyingi huelekezwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, naye huamka na mawazo yaleyale na kichwa kikimuuma juu yake. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha habari za watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya majuma 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Hii haina maana kwamba mgonjwa aache dawa zake. Ina maana kwamba kutembea kwa haraka ni tiba inayostahili heshima, tena huleta usingizi mzuri, na ukitembea na mwenzako mnapata pia nafasi ya kuzungumza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Yaani nusu saa, siku tano. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Nia ilikuwa njema, ila kwa mwili mara moja kwa mwezi ni sherehe tu.

Basi, kama unakwenda gulioni na huna mzigo, mwache bodaboda apite. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya kifua aonane kwanza na mganga wa zahanati yake. Juma lijalo tutaangalia mazoezi ya wazee na ya wajawazito.