Marsabit, Mji wa Mlimani Katikati ya Jangwa

Mkulima wa skimu aliyezoea mvua ya milimani akisikia jina la Marsabit, mara huwaza ngamia, mchanga na jua kali. Hawazi bure. Ukitoka Isiolo kwenda kaskazini utapita nchi kavu ya Kaisut, yenye miiba na changarawe, wala hutaona shamba hata moja. Lakini baada ya kilomita zaidi ya 250 barabara huanza kupanda, upepo hubadilika, na abiria aliyekuwa akitokwa na jasho hutafuta koti lake. Juu pale pana msitu mnene, mahindi, maharagwe na mji mkubwa wenye maduka, misikiti na makanisa. Ukiendelea mbele utashuka tena jangwani: upande wa kaskazini kuna uwanda wa mawe meusi uitwao Dida Galgalu, na upande wa magharibi kuna Chalbi, nchi tupu ya chumvi ambayo zamani sana ilikuwa ziwa.

Basi watu huuliza, maji ya kuotesha msitu huo hutoka wapi? Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima katika mlima wa Marsabit, wala hauna theluji kama Kirinyaga.

Mlima huu ulijengwa na moto wa ardhini ambao umezimika zamani. Kilele chake kina urefu wa mita 1,707 juu ya bahari, yaani kama futi 5,600, na nchi iliyouzunguka iko chini sana. Upepo utokao upande wa Bahari ya Hindi huvuka nchi tambarare ukiwa umebeba unyevu usioonekana kwa macho. Huko chini hauangushi kitu, kwa sababu hewa yenye joto yaweza kushika unyevu mwingi. Ufikapo mlimani hauna njia ila kupanda, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kadiri ya digrii 6. Hewa iliyopoa haiwezi kuushika unyevu ule wote. Mama yeyote amekwisha kuona jambo hili jikoni: mvuke wa sufuria ukigusa kifuniko baridi hugeuka matone. Mlima wa Marsabit ndio kifuniko.

Mara nyingine matone hayo huwa mvua kamili. Juu mlimani hunyesha kama milimita 800 kwa mwaka, na huko jangwani mvua haifiki hata milimita 250, tena haina ahadi. Lakini mvua peke yake si habari yote. Usiku na asubuhi, hata miezi isiyo na mvua, ukungu huufunika mlima. Ukungu ni matone madogo mno, mepesi, yasiyoweza kuanguka yenyewe. Yakipita juu ya ardhi tupu huenda zake na upepo, na jua likipanda hupotea. Yakikuta mti, hali ni nyingine. Kila jani na kila tawi huyanasa, na zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee huyanasa zaidi. Matone huungana, huwa mazito, na kudondoka chini. Mtu akisimama chini ya miti ya Marsabit asubuhi hulowa mabega, na ilhali nje ya msitu vumbi halijatulia.

Nataka msomaji ashike neno hili vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Husemwa kwamba miti imeota pale kwa kuwa pana maji. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba sehemu ya maji yale ipo kwa kuwa pana miti. Ukikata msitu, mlima utabaki, upepo utabaki, ukungu pia utakuja kama kawaida, lakini hakutakuwa na kitu cha kuunasa.

Yakidondoka, maji huingia katika majani yaliyooza, kisha katika mawe ya volkano yenye matundu mengi. Ndiyo sababu hakuna mto: maji huzama. Mengine hutokea tena kama chemchemi, na chemchemi za Bakuli zilizomo msituni zimeulisha mji maji miaka mingi. Mengine hukaa katika mashimo makubwa ya volkano, ambayo Waborana huyaita gof. Shimo lijulikanalo sana ni Gof Sokorte Guda, ambalo wageni huliita Lake Paradise. Miaka ya ukame mkali ziwa hilo hukauka, ndovu na nyati wakakosa pa kunywea. Ndovu hawa hupanda mlimani wakati wa kiangazi na kushuka nchi tambarare mvua ikinyesha. Wazee watamkumbuka yule aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe za kugusa ardhi, ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya Rais mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na mfano wake umesimama katika jumba la makumbusho la Nairobi hata leo.

Maji mengine husafiri chini kwa chini hadi visimani. Karibu na Marsabit kuna visima virefu ambamo vijana wa Kiborana husimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi, wakipokezana ndoo na kuimba ili mikono iende pamoja. Kila kisima kina utaratibu wake, na kuna mtu, aba herega, anayepanga ni mifugo ya nani inywe leo na ya nani ingoje. Watu wa kamati za maji za skimu wangefaidika kumtazama mtu huyo kazini. Hana kalamu wala daftari, na ng'ombe mia kadhaa hungoja zamu.

Kwa ajili ya maji hayo ndipo mji ukawa pale. Wagabra na Warendille wenye ngamia, Waborana na Wasamburu wenye ng'ombe, wote walikuwa na sababu ya kuujia mlima. Serikali ya kikoloni ikaweka boma lake huko, Wasomali na Wahindi wakafungua maduka, na mfugaji akaleta mnyama akarudi na unga, chai, sukari na nguo. Sehemu yote iliitwa Northern Frontier District, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila pasi. Kilimo kililetwa hasa na Waburji, watu waliotoka kusini ya Ethiopia mwanzoni mwa karne ya 20. Kwao walikuwa wakulima hodari wa miteremko, na Marsabit walilima mahindi, maharagwe na tefu, ile nafaka ndogo ya Kihabeshi. Siku hizi miraa pia hulimwa.

Kwa miaka mingi njia ya Marsabit ilikuwa ya mawe na makorongo. Malori yalikwenda kwa msafara pamoja na askari kwa hofu ya majambazi. Ng'ombe walisimama ndani na abiria wakaketi juu ya vyuma. Kazi ya lami ilianza Isiolo mwaka 2007, na miaka kumi hivi baadaye ilikuwa imefika Moyale, mpakani. Sasa safari iliyokula siku nzima au mbili ni ya saa chache. Wanyama hushuka kwenda kuchinjwa Nairobi, na viazi, kabichi na ndizi hupanda kutoka upande wa Meru.

Lakini lami haikuongeza ukungu. Mji umekua, na mji mkubwa huhitaji kuni, makaa, nguzo na maji. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo toka mwisho wa mwaka 2020, wafugaji wengi wakapoteza mifugo yote. Mtu asiye na mnyama hana budi kutafuta riziki mjini, na biashara isiyotaka mtaji ni kukata kuni. Mimi sioni haki kumlaumu mwenye kubeba mzigo huo mgongoni. Hata hivyo, kila mzigo hutoka katika msitu usiozidi ekari 40,000 hivi, na nyuma yake hakuna msitu mwingine ila jangwa. Ugomvi wa ardhi, malisho na maji nao umeua watu wengi, hata mwezi wa Mei 2022 Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku.

Ninyi mlio katika skimu zinazopakana na misitu ya Nyandarua na Mau mnaweza kujaribu habari ya ukungu wenyewe, bila gharama. Twaa debe mbili zilizo sawa. Moja iweke mahali pa wazi, nyingine chini ya mti mkubwa ulio ukingoni mwa msitu, upande unaokabili upepo. Ngoja usiku wa ukungu mzito unaosukumwa na upepo, usio na mvua hata kidogo. Kabla ya jua kupanda pima maji ya kila debe kwa rula ya mtoto wa shule, uandike. Rudia mara nne au tano, maana usiku mmoja hautoshi, kisha mwonyeshe Bwana Shamba hesabu yako.