Bia ya Watawa wa Ubelgiji na Chungu cha Mtama cha Marambo

Katika semina ya vijana tuliyoiendesha Ruangwa, mara baada ya msimu wa korosho, kijana mmoja alituuliza swali lililowachekesha wenzake: "Padre, ni kweli huko Ulaya watawa wanapika pombe? Mbona sisi mnatukataza gongo?" Siku ile tulimjibu kwa kifupi mno. Swali lake lilistahili jibu refu zaidi.

Ni kweli. Nchini Ubelgiji zipo monasteri tano za Watrapisti ambazo bia zake zinasifika duniani: Westmalle, Westvleteren, Chimay, Rochefort na Orval. Watrapisti wanaishi Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile wanayoifuata majirani zetu Wabenediktini wa Ndanda. Kanuni hiyo inamtaka mtawa aishi kwa kazi ya mikono yake. Ndanda kazi hiyo imeonekana katika hospitali, shule na kiwanda cha uchapaji. Ubelgiji, nchi ya baridi ambako shayiri hustawi kuliko mizabibu, imeonekana pia katika upishi wa bia. Westmalle walianza mwaka 1836, Chimay mwaka 1862. Tangu mwaka 1997 bia hizo hutambuliwa kwa alama maalumu yenye masharti: ipikwe katika eneo la monasteri, watawa wenyewe waisimamie, na mapato yatumike kwa riziki yao na kwa kuwasaidia wahitaji.

Mama yeyote wa Kimwera aliyewahi kupika pombe ya mtama angeelewa upesi namna inavyotengenezwa. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kisha hupikwa kwa maji, hupoozwa, na chachu hufanya kazi yake. Wabelgiji huongeza maua ya mmea uitwao hopi, yenye uchungu unaokata utamu na kuifanya bia idumu. Wachagga nao hutia gome la msesewe katika mbege ili kupata uchungu, bila kufundishwa na Mbelgiji yeyote.

Aina ni nyingi. Iliyo ya kahawia, yenye ladha inayokaribia matunda makavu, huitwa dubbel. Iliyo ya dhahabu na kali zaidi huitwa tripel. Katika jimbo la Hainaut wakulima walipika wakati wa baridi bia iitwayo saison, ili vibarua wa mashambani wapate kinywaji wakati wa joto. Inayotushangaza zaidi ni lambic, ya bonde la mto Senne karibu na Brussels. Wapishi wake hawatii chachu. Huacha kinywaji usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, chachu iliyomo hewani ikiingie yenyewe, kisha hukihifadhi katika mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Hutoka kikali cha uchachu, na mgeni anayekionja mara ya kwanza hukunja uso. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu.

Lakini jibu la swali la kijana wetu limo katika namna wanavyokunywa. Tripel ya Westmalle ina kilevi cha asilimia 9.5, karibu maradufu ya bia zetu za dukani. Kwa sababu hiyo humiminwa taratibu katika bilauri yake maalumu, huambatana na mkate na jibini, na chupa moja ndogo yatosha kwa mazungumzo marefu. Tena watawa wenyewe kwa kawaida hawanywi hiyo kali. Mezani pao huwekwa bia nyepesi, ya chini ya asilimia 5. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, anakiri kwa masikitiko kidogo kwamba watawa wa siku zake hawakubali kuambiwa waache divai kabisa. Basi anawapimia kipimo cha siku, kinachokadiriwa kuwa zaidi kidogo ya robo lita, na kuwaonya wasinywe hadi kushiba. Wale wa Westvleteren, ingawa wateja wamewapangia foleni langoni, wamekataa kupika zaidi ya kinachohitajika kuendesha monasteri.

Marambo nayo ilikuwa na kipimo chake. Pombe ya mtama ilipikwa kwa sababu inayojulikana: kualika majirani kulima, kushukuru mavuno, kuwapokea wari wanaotoka jandoni. Haikuweza kuwekwa, baada ya siku chache ilikuwa imeharibika. Hivyo ilikuwa lazima igawanywe, na aliyekunywa alikunywa mbele ya wazee wake. Tusiipambe kupita kiasi: walevi walikuwako, na Katekisimu, namba 2290, haiulizi ulevi umetokana na kinywaji gani. Gongo, hata hivyo, ni jambo jingine. Mabibo yakishakamuliwa na kuchachuka, kisha yakakenekwa gizani, hakuna ajuaye ukali wa kilichomo chupani wala kama ni sumu. Chupa hiyo hufichika shambani. Hunywewa peke yake, asubuhi, na fedha ya korosho huishia humo kabla ada ya shule haijalipwa. Sheria ya nchi inaikataza. Sisi tumeizikia watu, na tumewasikiliza wake zao ofisini.

Kwa hiyo, kijana wetu, hatukatazi gongo kwa kuwa ni ya kienyeji, wala hatuisifu bia ya Ubelgiji kwa kuwa ni ya Wazungu.

Mwaka huu, mtama ulipovunwa, mama mmoja wa jumuiya karibu na Nachingwea alitukaribisha kwake baada ya misa. Alitoa kata moja, ikazunguka kwa watu wanane, kuanzia kwa mzee. Tulipomsifu, alisema kwamba amepika chungu kimoja tu, nacho kilikuwa kimekwisha.